Mhariri, hiyo "m" yenu ni mita au milioni?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nina kesi na herufi moja tu, ile m mnayoibandika nyuma ya tarakimu.

Kesi ilianza Jumanne ya wiki jana kwenye barza yetu ya kahawa hapa Ngamiani, Barabara ya 12. Huku kwetu barabara zinaitwa kwa namba, kwa hiyo tarakimu hazitutishi. Gazeti lenu tunalinunua moja, tunachangishana, na kulisoma kwa sauti ni kazi ya mwalimu mmoja mstaafu kwa sababu yeye ndiye mwenye miwani isiyokuwa na mkwaruzo. Siku hiyo akafika kwenye kichwa cha habari cha mtaa mmoja wa jiji letu: "Wakazi wachekelea barabara ya 850m." Akaisoma kama ilivyo, "mia nane hamsini em," akanyamaza kidogo kama mtu aliyekanyaga kitu.

Jirani yangu fundi cherehani akadakia, "Alhamdulillahi! Milioni mia nane na hamsini, basi hiyo itakuwa lami tupu."

Nikamwambia, "Fundi, hizo ni mita. Barabara ina urefu, na urefu unapimwa kwa mita."

"Karani, tangu lini mtu akachekelea mita?"

Bwana wee, hapo pakawaka. Tukawekeana sharti: atakayeshindwa awalipie wote kahawa na kashata siku tatu. Mwalimu akasoma habari nzima, mstari kwa mstari. Hiyo 850m imetajwa mara tatu: kwenye kichwa cha habari, kwenye aya ya kwanza, na mwishoni mnaposema "mradi huo wa 850m utakamilika kabla ya mvua." Pote mlimoiandika hakuna shilingi mbele yake wala neno urefu. Mwandishi wenu alijua alichomaanisha, na nahisi hata wewe uliyempitishia ulijua. Sisi watu saba, mmoja wetu mwalimu na mwingine aliyekula mshahara wa hesabu miaka thelathini na mmoja, hatukujua.

Huyo wa hesabu ni mimi. Na sababu ya kushikilia kwamba ni mita, nikiri, si akili nyingi. Ni kovu la zamani.

Nilianza kazi mwaka 1974, kijana wa miaka ishirini, kwenye shamba moja la mkonge njia ya Muheza. Nilikuwa na cheti kipya na kiburi kipya. Karani Mkuu alikuwa Mhindi mzee, mtu wa maneno machache, mwenye kalamu mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu. Leja zake za binafsi aliziandika kwa koma za kwao: laki mbili na nusu kwake ilikuwa 2,50,000, si 250,000. Mara ya kwanza nilidhani amekosea nikataka kumsahihisha. Nashukuru Mungu nilinyamaza. Neno laki lenyewe tumelipata kwao, na ukishalijua utaona koma yake imekaa palepale laki inapoanzia. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu wa kufahamu kwamba alama ya hesabu haina maana mpaka ujue ni mkono wa nani ulioiandika.

Mwezi wangu wa pili nikapewa kuandaa hati ya kuagiza lebo za robota kutoka kwa mchapaji wa mjini. Robota la mkonge, kwa wasiojua, hufungwa na kuvikwa lebo yenye alama ya shamba na daraja la singa. Bei ya mchapaji ilikuja imeandikwa lebo 5M. Fomu yetu ilitaka idadi kwa tarakimu na kwa maneno. Kwenye maneno nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: milioni tano.

Karani Mkuu akaniita. Hakunyanyua uso.

"Kijana, robota moja kilo ngapi?"

"Mia mbili na hamsini, Bwana."

"Lebo ngapi?"

"Moja, Bwana."

"Haya, piga hesabu."

Nikaizungusha ile mashine ya kujumlishia ya mkono, tiki-tiki-tiki, jasho linanitoka. Robota milioni tano, nne kwa tani moja: tani milioni moja na robo. Akaniuliza kama nafahamu nchi nzima ilivuna mkonge kiasi gani mwaka 1964, mwaka wa neema kuliko yote. Sikufahamu. Akasema ni tani kama 230,000. "Wewe hapa na korona yako moja unataka kuvuna mara tano ya nchi?" (Korona ninayoitaja ni mtambo wa kuchania mkonge, tulikuwa na korona Tanga kabla dunia haijaugua.)

Kisha akanieleza. M ya mchapaji ni elfu. Karatasi, bahasha na lebo vinauzwa kwa elfu, na elfu inaandikwa M. Elfu tano zilitutosha kwa tani 1,250. Akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, maana kwenye hesabu hatufuti, tunakata ili kosa lisomeke, akanitaka nisaini pembeni. Hati ile ikakaa kwenye faili na "milioni tano" yangu inasomeka vizuri chini ya wino mwekundu, na kila mkaguzi aliyepita aliuliza ni saini ya nani.

Tangu siku ile nikiona M nyuma ya namba siiamini mpaka niione inatoka kwa nani.

Na kweli yule mzee hakuwa akibuni. Warumi waliandika elfu kwa M, na kwa lugha yao elfu ni mille. Hata maili tuliyoirithi kwa Waingereza ni mille hiyohiyo: hatua elfu za askari wa Kirumi, hatua moja ikihesabiwa pale mguu uleule unapogusa chini tena. Konda wa basi la Tanga kwenda Dar anapofika Kibaha akapiga kelele "Maili Moja!", anatamka elfu bila kujua. Milioni nayo imezaliwa humohumo. Waitaliano waliichukua mille wakaikuza kwa namna sisi tunavyomkuza mtu akawa jitu, wakapata elfu-kubwa, yaani milione. Mama na mtoto wote majina yao yanaanza na M, na hapo ndipo mtafaruku ulipoanza.

Wenye hesabu wa zamani waliumaliza kwa kuongeza M ya pili. M moja elfu, M mbili elfu mara elfu, yaani milioni. Ingekuwa sawa, ila Mrumi mwenyewe ukimwandikia MM anasoma elfu mbili. Na fundi wa mabomba ukimwandikia mm, anachukua rula.

Usidhani hayo ni mambo ya kwenye makabati ya mkonge yaliyokwisha liwa na mchwa. Mpwa wangu alipata kibarua cha miezi michache kwa mkandarasi mmoja kule Chongoleani, mahali bomba la mafuta ghafi linapoishia baada ya kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Akanipigia simu usiku.

"Shikamoo Mjomba. Samahani, hapa kwenye karatasi pameandikwa 2 MMbbl. Hizi ni milimita?"

"Marahaba. Milimita za nini?"

"Za tangi. Naona ni dogo sana, Mjomba."

Nilicheka mpaka mke wangu akaamka. Biashara ya mafuta bado inafuata elfu ya Kirumi. Mbbl ni mapipa elfu, MMbbl ni mapipa milioni. Karatasi yake ilikuwa ikisema mapipa milioni mbili, na pipa la mafuta ni kama lita 159. Nikamwambia aiandike kwa maneno pembeni mwa daftari lake asije akaaibika kama mjomba wake. Wa gesi nao ni vivyo hivyo, wanahesabu futi za ujazo kwa MM. Kwa hiyo hapa Tanga, mtu anaweza kutoka Chongoleani asubuhi ambako M ni elfu, akafika Ngamiani adhuhuri akafungua gazeti lenu ambamo m ni milioni, isipokuwa pale ambapo ni mita.

Nyumbani kwenu wenyewe pia. Nenda idara yako ya matangazo, Ndugu Mhariri, uwaulize vijana wanaouza matangazo ya mtandaoni maana ya CPM. Ni gharama ya tangazo kuonekana mara elfu moja. M ile ni elfu! Wewe ghorofani unaandika m kwa milioni, chini yako mwenzako anatoza wateja kwa M ya elfu, na mshahara wenu unatoka kwenye zote mbili. Halafu ukurasa wa biashara unatuambia M3 imeongezeka. Fundi wangu wa cherehani alishawahi kuuliza ni milioni tatu za nani hizo zilizoongezeka. Ile M ya Benki Kuu ni ya fedha, ni kipimo cha ujazi wa fedha katika uchumi, na 3 haihesabu kitu, inaonyesha tu upana wa kipimo. Lakini nani atamlaumu fundi?

Mabenki nawapongeza kwa hili. Taarifa zao za robo mwaka mnazozichapisha, zile kurasa nzima za namba ambazo watu hufungia maandazi, zimeandikwa juu kabisa kwamba kiasi chote ni katika mamilioni ya shilingi. Wamesema mara moja, kwa maneno, kabla ya namba ya kwanza. Baada ya hapo hakuna m hata moja.

Najua mtaniambia kila mtu siku hizi anaelewa. Nami nakubali kwamba hii m imekuja kwa sababu. Mwaka ule naanza kazi mshahara wangu haukufika shilingi 500, na noti kubwa kuliko zote mfukoni mwa mtu ilikuwa ya shilingi 100. Milioni tulikuwa tukiiona mara moja kwa mwaka, kwenye mizania, na tulikuwa tukiiandika kwa heshima, sifuri zote sita. Hakuna aliyehitaji kuifupisha, kama vile usivyomfupisha mgeni jina. Hata senti zilikuwa na kazi: shilingi tano na senti hamsini tuliandika 5/50, na pasipokuwa na senti tukaweka vistari viwili baada ya mkwaju, 5/=. Leo vistari vile bado vipo kwenye kila kibao cha bei sokoni Mgandini vikilinda nafasi ya senti ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuzishika. Sasa noti kubwa ni ya 10,000, kijana akitaka pikipiki ya bodaboda anazungumza mamilioni, na vidole vimechoka kuandika sifuri. Hilo naelewa. Ninachobisha ni kwamba pa kufupishia palichaguliwa herufi ambayo tayari ina waume wengine.

Na mmeichagua ndogo. Huko mashuleni wajukuu wanafundishwa kwamba M kubwa mbele ya kipimo ni mega, mara milioni, kama kwenye MB za bando. Na m ndogo mbele ya kipimo ni mili, sehemu moja ya elfu, kama kwenye miligramu ya dawa. Kati ya M na m hiyo pana tofauti ya mara bilioni moja, na tofauti yenyewe ni kubonyeza kitufe kimoja cha simu.

Magazeti ya Uingereza huandika m ndogo kwa milioni na bn kwa bilioni, na nahisi ndiko mlikoiokota. Wao pauni yao ina alama yake inayotangulia, £5m, hivyo msomaji anajua ni fedha kabla hajafika kwenye herufi. Ninyi shilingi mmeiangusha njiani mkabaki na m peke yake. Na Waingereza haohao walishawahi kutatanishana na maneno yao makubwa: bilioni yao ya zamani ilikuwa milioni mara milioni, mpaka Desemba 1974 waziri mkuu wao Harold Wilson alipothibitisha bungeni kwamba serikali itatumia ile ya milioni elfu moja. Walikuwa na bunge la kuulizia. Sisi tuna barza.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema shilingi milioni tano. Kipimo kwanza, idadi baadaye. Msomaji wa kwa sauti akikutana na 5m hana njia ya kuitamka ila ama aigeuze kichwani, ama aseme "tano em," kitu ambacho si Kiswahili wala si Kiingereza. Mwalimu wetu anapata shida hiyo kila siku na nyinyi hamumwoni. Gazeti halisomwi kwa macho tu, hasa huku kwetu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba tulipokuwa tukibishana, utingo mmoja wa lori la Mombasa aliyekuwa akisubiri kahawa yake akaingilia kati. Akasema kwao vijana wa mjini milioni wanaiita mita. "Nipe mita moja," maana yake milioni moja. Kwa hiyo, kwa maoni yake, wazee wote wawili tumesema kitu kimoja. Fundi alitaka nilipe kahawa palepale. Nikamwambia Horohoro ni mpaka, na lugha ya vijana wa ng'ambo haitumiki kama ushahidi Ngamiani.

Ninachoomba ni kidogo. Milioni ni herufi saba. Mkiwa na nafasi, ziandikeni zote saba, na neno shilingi litangulie. Kichwa cha habari kikibana, andikeni mil., bil. na tril., zenye nukta yake. M ndogo iacheni iwe ya mita, na hata hiyo mkiiandikia neno hamtopungukiwa na wino. Mkitaka kushika kanuni hiyo kwa mwaka mmoja tu, mimi nitawahesabia mara mtakazosahau, bure, nina muda.

Kuhusu ile barabara, sikutaka kusubiri. Ijumaa asubuhi nilichukua baiskeli yangu, nikafunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya gurudumu la mbele. Kwa futi ya fundi mwenyewe, ili asije akakataa matokeo, tukapima mzingo wa gurudumu tukapata mita 2 na sentimita 20. Nikaisukuma kutoka mwanzo wa barabara inapowekwa kokoto hadi mwisho, nikihesabu kitambaa kila kinapogusa chini. Mizunguko 402. Ni mita 884 na kidogo, ukitoa zile nilizokwepa dimbwi na mbuzi unakaribia sana 850.

Nikarudi kifua mbele. Fundi akaniuliza swali moja: "Na ukienda ofisini kwao ukaambiwa gharama yake nayo ni milioni mia nane na hamsini?"

Sikuwa na jibu. Muuza kahawa, ambaye deni lake haliandiki kwa em, ametuandika sote wawili: vikombe 42, kashata 42. Anasema hatafuta jina la mtu mpaka mhariri aseme.

Wako,
Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga.